Kompyuta ya Mama Vifungo Yagoma Kuwaka

Mama Vifungo alikuwa fundi wa kushona nguo. Jina hilo alilipata kwa sababu hakumruhusu mteja atoke mlangoni na kifungo kinacholegea. Mume wake naye watu wakamwita Baba Vifungo, ingawa tangu azaliwe hajashona hata kimoja.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kulikuwa na cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, kabati la majora ya vitambaa, na mlango usiofunga wala kufunguka mpaka uupige teke. Mama Vifungo alikata na kushona. Binti yao alishona pia, na yeye ndiye aliyeandika kazi zote kwenye kompyuta. Bibi, mama yake Baba Vifungo, alikaa karibu na dirisha akishona matundu ya vifungo. Meno yalikuwa yamemwisha, lakini ulimi ulikuwa mzima.

Kazi ya Baba Vifungo ilikuwa pasi na mashine. Alinyoosha nguo kwa pasi ya makaa. Kila Jumamosi alizipanga cherehani, akazitoa pamba, akazitia mafuta. Kikopo chake cha mafuta kilikuwa na mdomo mrefu na mwembamba. Tone hapa, tone pale, kisha anazungusha gurudumu na kusikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Mashine ikilia," alisema kila mara, "mafuta."

Hakuna aliyembishia. Cherehani zake hazikuwahi kulia.

Kompyuta ilikaa sakafuni, chini ya meza ya kukatia. Ilikuwa ya zamani, yenye lile boksi kubwa ambalo watu huliita sipiyu. Skrini yake ilikaa kwenye kimeza pembeni. Waliinunua ikiwa imeshatumika miaka minane, na kwa jinsi walivyoipenda, waliivalisha. Mama Vifungo aliishonea sipiyu gauni la kitambaa kizito chekundu, lenye marinda chini. Gauni hilo halikuvuliwa hata kompyuta ikiwa inafanya kazi. Bibi alipoona watu wanapapasa kutafuta kitufe cha kuwashia, alipima kwa kidole, akatoboa gauni, akashona tundu la kifungo safi kabisa mahali penyewe. Ukitaka kuwasha, unaingiza kidole kwenye tundu. Mtaa mzima, hiyo ndiyo kompyuta pekee iliyovaa vizuri kuliko wenyewe.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya kukata.

Wiki mbili kabla, chuo cha uuguzi kiliwapa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata: sare za wauguzi sitini na wanne. Mama Vifungo alikwenda chuoni na futi shingoni, akawapima mmoja mmoja. Kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu wa mkono. Vipimo aliviandika kwenye vipande vya karatasi. Binti akaviingiza vyote kwenye kompyuta. Karatasi zikabaki kwenye kikapu, na Bibi akawa anazitumia kuwashia makaa ya pasi, tano sita kila asubuhi, mpaka zikaisha.

"Si zimeshaingia kwenye mashine?" alisema. "Mnaziweka za nini, mnataka kuzisomea misa?"

Wauguzi walikuwa wameshatawanyika kwenye zahanati za mbali kwa mazoezi ya kazi. Wangerudi Jumamosi, siku ya kula kiapo, wavae sare siku hiyohiyo. Hakukuwa na mtu wa kumpima tena. Vipimo vilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya boksi lenye gauni jekundu.

Saa mbili asubuhi binti aliingiza kidole kwenye tundu, akabonyeza.

Taa ya kijani iliwaka. Ndani kitu kiliguna, kikajaribu kuzunguka, kikasuasua. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha ikaja sauti: piii, piii, piii.

Binti alibonyeza tena. Piii, piii, piii.

"Inasemaje?" aliuliza Mama Vifungo. Chaki ilikuwa mkononi, kitambaa cheupe kimeshatandikwa mezani.

"Haisemi kitu, Mama. Imegoma."

"Imegoma nini? Jana ulipomaliza ulizima vipi?"

"Kama siku zote."

"Kama siku zote ndiyo hii?"

Binti alibonyeza mara ya tatu, ya nne, ya tano. Bibi alinyoosha shingo.

"Ipige kofi moja la ubavuni," alishauri. "Redio ya marehemu mume wangu ilikuwa haiongei mpaka ichapwe."

Mama Vifungo hakucheka. Aliinama, akaipiga sipiyu kofi. Akaitikisa. Piii, piii, piii. Pembeni, Baba Vifungo alikuwa ananyoosha suruali. Alikuwa ameshainyoosha suruali hiyo. Aliigeuza, akainyoosha upya.

Simu ilipoita, Mama Vifungo aliruka. Alikuwa Metroni, yule mama anayewasimamia wauguzi chuoni.

"Nitapita hapo saa saba mchana," alisema Metroni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuamuru. "Nataka kuona sare tano za kwanza zimekatwa. Zisipokuwepo, nitachukua majora yangu niyapeleke kwenye kile kiwanda kikubwa. Siwezi kuwaapisha wauguzi wakiwa wamevaa kanga."

"Utazikuta, Metroni," alisema Mama Vifungo.

Aliweka simu chini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika tano.

"Utazikuta," alirudia peke yake, taratibu. Kisha akamgeukia binti. "Umeniponza, mwanangu. Nilikwambia usikimbilie kuzima. Wewe na simu yako. Kichwa kiko kwingine, vidole viko kwingine."

Binti aliinamisha kichwa. Machozi yalimlenga. Baba Vifungo aliinua pasi, akaitazama, akairudisha kwenye suruali ileile.

"Hebu niitieni yule kijana wa kibandani," alisema Mama Vifungo. "Yule anayefuta kompyuta yote na kuianza upya."

"Akifuta yote, vipimo navyo vitaondoka," alisema binti. "Mama, ngoja nimwite Dada Bisibisi kabla hajaenda kazini."

Hakungoja jibu. Aliupiga mlango teke, akatoka.

Dada Bisibisi alikaa nyumba ya pili. Alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini, na wiki hiyo aliingia zamu ya mchana. Alikuja na begi dogo begani na nywele nusu zimesukwa, nusu bado.

"Nina mpaka saa sita," alisema akiingia. "Habari za hapa? Naona nyuso ndefu kama foleni. Nani kafiwa?"

"Bado hatujafiwa," alisema Bibi. "Mgonjwa yuko chini ya meza."

Mama Vifungo alieleza haraka: vipimo, karatasi zilizochomwa, Metroni, saa saba. Dada Bisibisi alisikiliza mpaka mwisho. Utani ukamtoka usoni.

"Mmeona moshi? Harufu ya kuungua?"

"Hapana," alisema binti.

"Vizuri. Mngeona, ningewaambia chomoeni waya, msiiguse tena. Mmeibonyeza mara ngapi?"

"Labda kumi."

"Basi, inatosha. Isipowaka mara mbili, ya kumi na mbili haitawaka kwa kuwaonea huruma. Mmeipiga?"

Mama Vifungo aliuficha mkono nyuma.

"Kofi moja tu," alisema Bibi. "La upole."

"Bibi, ndani yake kuna diski inayozunguka. Diski ndiyo kabati la kazi zenu. Ukiipiga mashine inapowaka, unaweza kulipasua kabati lenyewe. Hao wauguzi wangevaa mashuka."

Alipiga magoti chini ya meza, akaliona gauni. Akalitazama gauni. Akamtazama Mama Vifungo.

"Jirani, hili ni nini?"

"La kuzuia vumbi."

"Na hili tundu?"

"La kuwashia," alisema Bibi kwa fahari. "Mshono wa mkono huo."

"Mshono ni mzuri, Bibi, sina neno. Lakini kompyuta inapumua kwa nyuma na ubavuni. Inavuta hewa baridi, inatoa ya moto. Ninyi mmeivalisha koti, mkaifunga na vifungo, halafu mkaiambia ikimbie. Ifunikeni ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwaka, ivueni gauni."

Mama Vifungo alilivua gauni mwenyewe.

"Sasa sikilizeni," alisema Dada Bisibisi, akimtazama binti zaidi. "Kompyuta ikikataa kuwaka, unaanza nje ndipo uingie ndani. Unaanza na lililo rahisi. Umeme unatoka wapi?"

"Kwenye ile soketi."

"Chomeka taa ya cherehani hapo."

Binti alichomeka. Taa iliwaka.

"Soketi ni nzima. Sasa waya. Chomoa wa sipiyu, weka ule wa skrini, maana zinafanana."

Binti alibadilisha waya. Dada Bisibisi akamwonyesha swichi ndogo nyuma ya sipiyu, karibu na waya unapoingia. Ilikuwa imewashwa. Akachomoa printa, akachomoa kila kitu kilichoning'inia nyuma, akaacha skrini na kibodi tu.

"Wakati mwingine ni flashi iliyosahauliwa inayoizuia isianze," alisema. "Waya wa skrini nao sukuma mpaka ukae sawasawa. Haya, bonyeza mara moja."

Piii, piii, piii. Skrini nyeusi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo. Mama Vifungo alishika mkasi, akaufungua, akaufunga.

"Imekufa," alisema.

"Maiti haipigi kelele, jirani. Hii inalalamika. Kila aina ina kilio chake, lakini nyingi za zamani zikilia hivi bila kuonyesha picha, tatizo huwa ni ramu. Ni vijiti vya kumbukumbu. Diski ni kabati, na ramu ni meza ya kukatia. Bila meza, kitambaa kinabaki kabatini. Tunaifungua."

Alizima, akachomoa waya wa umeme ukutani, kisha akakibonyeza kitufe cha kuwashia na kuhesabu mpaka thelathini.

"Si umeshachomoa?" aliuliza Mama Vifungo.

"Umeme kidogo hubaki ndani. Naumaliza. Lakini lile boksi la chuma kule nyuma, linalopokea umeme, hilo huwa silifungui, na ninyi msilifungue kamwe. Hilo linaweza kukurusha hata likiwa limechomolewa."

Alibeba sipiyu mpaka mezani, akailaza juu ya karatasi. Alishika chuma chake kitupu kwa muda. "Mwili nao una umeme wake, hasa sisi tunaokaa na vitambaa. Unautua hapa kabla ya kugusa vitu vidogo." Kisha akalegeza skrubu mbili, akatoa ubao wa ubavuni.

Wote waliinama kutazama.

Ndani palikuwa na pamba. Pamba ya nyuzi, nyeupe, bluu na nyekundu, imeshikamana kama mto uliopasuka. Kila mara Mama Vifungo alipokata kitambaa juu, vumbi la nyuzi lilishuka chini, na kompyuta ililivuta.

"Mnaweza kushona godoro," alisema Dada Bisibisi.

Alichukua tochi ndogo. Akaisogeza karibu na feni iliyo katikati, kisha chini yake, kwenye bodi ile pana yenye vitu vyote. Pamba ya pale ilikuwa imelowa. Kitu cha manjano kilikuwa kimetiririka kikafika kwenye vijiti vya ramu.

Utani wote ukaisha.

"Nini?" aliuliza Mama Vifungo.

"Subiri."

"Dada, nini?"

"Mnaona hivi vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi? Kwenye mashine za umri huu huwa vinavimba na kuvuja. Vikivuja, bodi imekwisha. Nikiwasha, inaweza kuungua na kuharibu vingine." Alizima tochi. "Siiwashi tena."

"Na vipimo?"

"Vipimo viko kwenye diski. Naweza kuitoa nikaisome kwa kompyuta nyingine hospitalini. Lakini nitapata nafasi jioni. Mtavipata kesho asubuhi."

Kesho asubuhi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini. Mama Vifungo alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alikitazama kitambaa cheupe mezani, kilivyotandikwa bila hata mstari mmoja wa chaki.

"Miaka kumi na moja nashona mashati ya watu," alisema. "Siku nimepata kazi ya kunitoa, mtoto wangu anaizima vibaya."

"Mama, sikuizima vibaya," alisema binti. "Naapa. Nilizima, nikangoja taa izimike, ndipo nikaenda kulala."

"Basi imejilowesha yenyewe?"

"Sijui, Mama. Sijui."

Dada Bisibisi alikuwa bado ameinama. Alinusa.

"Nitauliza mara moja," alisema, "na ninayemuuliza ajue kwamba jibu lake ndilo litakaloamua. Hospitalini daktari akikuuliza umekunywa nini, humwambii maji kama ulikunywa mafuta ya taa. Kuna mtu amemwaga kitu humu? Kama hivi vipipa vimevuja vyenyewe, hatuna la kufanya leo. Kama ni kitu kimemwagwa, huenda tukakisafisha. Kwa macho tu, chini ya pamba hii, siwezi kujua. Nani ameigusa?"

Makaa yalipasuka ndani ya pasi.

Bibi alimtazama mwanawe. Hakusema kitu, na kwa Bibi kunyamaza halikuwa jambo dogo.

Baba Vifungo aliiweka pasi chini.

"Ilikuwa inalia," alisema.

"Nini kilikuwa kinalia?" aliuliza Mama Vifungo.

"Hiyo. Ijumaa na Jumamosi, ilikuwa inalia huko ndani. Krrr, krrr. Jumamosi nilikuwa natia mafuta cherehani, nikaisikia. Nikainua gauni. Nyuma na ubavuni kuna vitundu, nikapitisha mdomo wa kikopo. Ikanyamaza. Nikafurahi. Jumapili ikaanza tena, mmeiacha inawaka mkaenda misa, nikaongeza."

"Uliongeza kiasi gani, shemeji?" aliuliza Dada Bisibisi.

"Kikopo kilikuwa nusu."

"Na sasa?"

Baba Vifungo alikichukua kikopo rafuni, akakipindua. Hakikutoka kitu.

Mama Vifungo alisimama polepole. "Tangu saa mbili umesimama hapo unanyoosha suruali moja, mtoto analia, na wewe unajua."

"Nilidhani labda si mafuta. Cherehani hazijawahi kufa kwa mafuta." Hakumtazama mkewe. Alimtazama binti. "Mwanangu, nilikuacha ubebe mzigo wangu. Nisamehe."

Binti alijifuta macho kwa ukingo wa kitambaa cha wauguzi, akakumbuka, akakiachia haraka.

"Mtagombana saa saba na robo," alisema Dada Bisibisi. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya blauzi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Shemeji, hicho kikopo chako kimekaribia kutuponza, lakini ulimi wako umetuokoa. Mafuta ya cherehani hayaunguzi bodi. Yanagandisha pamba, yanakwamisha feni, na yameingia kati ya ramu na mahali inapokaa, ndiyo maana inalia. Yanatoka. Nileteeni mwanga."

Walibeba taa ya cherehani. Dada Bisibisi alitoa spiriti na brashi laini kwenye begi.

"Nikupe pamba?" aliuliza Baba Vifungo, akitaka sana kusaidia.

"Pamba ndiyo iliyotufikisha hapa. Nipe kitambaa kisichotoa nyuzi."

Hapo Mama Vifungo alijua la kufanya. Alikata vipande vya bitana laini, akavipanga mbele yake kama muuguzi wa chumba cha upasuaji. Dada Bisibisi alibandua pamba iliyolowa kwa kibanio. Vipipa vilipoonekana, alivikagua kimoja kimoja, juu na chini. Vyote vilikuwa bapa, vikavu, bila uvimbe. Alishusha pumzi kwa mara ya kwanza.

Alivuta vijiti viwili vya ramu kwa kubana pembeni, akavipangusa meno yake ya dhahabu kwa spiriti. Alisafisha na mahali vinapokaa kwa brashi. Pamba kavu ya pembeni aliiondoa kwa brashi, akiishika feni kwa kidole. "Usiache feni izunguke ovyo unapoipiga brashi au hewa. Inaweza kuharibika." Feni yenyewe aliifuta panga moja moja. Alipoizungusha kwa kidole ilienda, lakini kwa uzito.

"Sasa ikauke. Robo saa."

"Robo saa?" Mama Vifungo aliitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

"Ukiwasha na unyevu, utangoja zaidi ya hiyo."

Haikuwahi kuwepo robo saa ndefu kama ile. Bibi alihesabu vifungo vya makopo mawili. Baba Vifungo alijitolea kupuliza kwa mdomo, akakatazwa, maana mate nayo ni maji. Saa tano na dakika kumi Dada Bisibisi alirudisha kijiti kimoja tu cha ramu, akakisukuma mpaka kikalia 'ta' pande zote mbili, kisha akachomeka umeme, skrini na kibodi.

"Kimoja kwanza. Kama kimoja ni kibovu, tutajua ni kipi." Alimwita binti. "Wewe ndiye mwenye mashine. Bonyeza."

Binti alinyoosha kidole. Hakukuwa na gauni wala tundu. Alibonyeza.

Taa ya kijani. Feni ikaguna, ikazunguka. Wote walisubiri kile kilio.

Ilikuja piii moja, fupi. Kisha skrini ikawaka.

Mama Vifungo alishika bega la mumewe bila kukusudia. Lakini maandishi meupe yalitokea kwenye skrini nyeusi, na kila kitu kikasimama.

"Imeganda," alinong'ona.

"Haijaganda. Inasema imesahau tarehe na saa. Kuna betri ndogo humu, bapa kama kifungo cha koti. Imechoka. Bei yake ni ndogo, nitawaletea. Bonyeza kibodi iendelee, ndicho inachoomba."

Binti alibonyeza. Sekunde zilipita. Ikatokea picha ya kawaida, na katikati yake faili lenye jina aliloliandika mwenyewe: Vipimo vya Wauguzi.

"Fungua tuanze," alisema Mama Vifungo.

"Hapana." Dada Bisibisi aliingiza flashi yake. Kiganja chake kilikuwa karibu na feni. "Nakili kwanza. Kompyuta iliyotoka kuugua haiaminiki, na feni hii bado nzito. Ikipata moto itajizima. Nakili, ndipo ufungue."

Binti alinakili. Mstari wa kijani ulitembea, ukajaa. Akaliangalia faili kwenye flashi, akaona limefika. Kisha wakachomeka printa, na karatasi tatu zikatoka, zikiwa na majina sitini na manne. Mama Vifungo alizipokea kwa mikono miwili. Bibi alinyoosha mkono azione, na Mama Vifungo akazisogeza mbali.

"Wewe na karatasi, basi, Bibi."

Dada Bisibisi alizima mashine taratibu, akaifunga. "Msiiwashe mpaka nilete feni mpya na betri. Na ninyi, kateni."

Wakakata. Mama Vifungo alichora, Baba Vifungo alishika kitambaa kisiteleze, binti alisoma vipimo kwa sauti. Hakuna aliyezungumza jambo jingine. Saa saba na dakika nne, mlango ulipigwa teke. Metroni aliingia. Aliziona sare tano mezani, zimekatwa, kila moja imefungwa na karatasi ya jina. Alichukua moja, akapima bega kwa futi yake mwenyewe.

"Huyu ni mfupi," alisema, akisoma jina. "Kipimo kiko sawa." Akatazama sakafu, akaona rundo la pamba yenye mafuta. "Hapa mlikuwa mnafanya nini?"

"Usafi," alisema Bibi.

Metroni alipoondoka, Mama Vifungo alimwita binti kwenye kona ya kabati. Walichosema hakikusikika. Lakini mchana huo binti ndiye aliyekula wa kwanza, na mama yake ndiye aliyemtengea.

Jumamosi wauguzi sitini na wanne walikula kiapo. Hakuna kifungo kilicholegea.

Tangu wiki hiyo sipiyu haikai sakafuni tena. Iko juu ya kimeza, ukuta wa pili, mbali na nyuzi za meza ya kukatia. Kila mwisho wa mwezi binti anaichomoa umeme, anaifungua, anaipiga brashi. Kila jioni ananakili kazi kwenye flashi, na flashi inalala kwenye kopo la sukari chumbani. Vipimo vya kila mteja vinachapwa, na kikapu cha karatasi kimehamishwa mahali ambapo mkono wa Bibi haufiki. Gauni jekundu linavaliwa usiku tu, mashine ikiwa imepoa. Lile tundu halikuwa na kazi tena, kwa hiyo Bibi aliweka kifungo. Kifungo kikiwa kimefungwa, kila mtu anajua kompyuta imelala.

Miezi michache baadaye, mchana, feni ilianza tena. Krrr, krrr.

Cherehani zote zilisimama. Baba Vifungo aliinuka. Macho yake yalikwenda rafuni, kwenye kikopo chenye mdomo mrefu. Mkewe alimtazama. Binti alimtazama. Bibi aliacha sindano hewani.

Baba Vifungo aliingiza mikono yote miwili mifukoni. Akatembea mpaka mlangoni, akaupiga teke, akaita kuelekea nyumba ya pili:

"Shemeji! Inalia. Sijaigusa."